Neno la Kufunikwa Macho

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, anafundisha Kiingereza sekondari. Jioni huja kusahihishia kazi za wanafunzi kwenye mkeka wa baraza langu, kwa sababu nyumbani kwake, anasema, watoto wanapanda juu ya madaftari. Mimi hukaa pembeni nabangua korosho za kula. Siku hiyo alikuwa anaguna. Anapiga mstari, anaguna, anafunua daftari jingine, anaguna tena, mpaka nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, baba," akasema. "Ni neno moja tu. Darasa zima wameandika kudanganya. Siwezi kuwakosesha, lakini hawajalipata."

Neno lenyewe limeandikwa hoodwink, mimi nikalitamka hudwinki. Akanirekebisha, nami nikaendelea kulitamka hudwinki. Shule niliishia darasa la pili, na kusoma hasa nimekuja kujifunza kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari baba wa watoto wanne. Kiingereza nakisikia kama mtu anavyosikia mvua inayonyesha kijiji cha jirani. Nikamwambia anieleze polepole.

Akasema ni neno la nadra, Waingereza wenyewe hawalitumii sana kwenye maongezi. Utalikuta vitabuni na kwenye magazeti, pale mwandishi anapotaka kusema kwa ukali kidogo. Asili yake ni kumvutia mtu kofia au kitambaa mpaka kikamfunika macho. Baadaye kitambaa kikaachwa, ikabaki ile maana ya kumfanya mtu asione kilicho mbele yake. Si neno la uongo mdogo. Mtu akikwambia ametoka Miteja asubuhi, kumbe ametoka mchana, hapo halitumiki. Linatumika pale mtu anapozungushwa mpaka anafanya jambo ambalo kama angeona asingelifanya: anatia dole gumba kwenye karatasi ya shamba lake, anamwoza binti kwa mtu asiyemjua.

Na mimi nikaanza kumpangia ya kwetu, maana Kiswahili hakijapungukiwa na njia za kumpoteza mtu. Kudanganya ni gunia, kila kitu kinaingia. Kulaghai kuna ulimi mtamu ndani yake. Kurubuni lazima kitu kitolewe, japo pipi. Vijana wakirudi kutoka Dar wanasema kuzuga, na wakisema hivyo wanacheka, kana kwamba aliyezugwa si mtu. Halafu kuna kumpiga mtu changa la macho, na hili mkwe wangu akalirukia, akasema ndilo hilo hilo la Waingereza. Nikamwambia silo. Ukipigwa mchanga wa macho unajua umepigwa. Macho yanawasha, unamtukana aliyekurushia, unakwenda kunawa. Wa kitambaa yeye amesimama, ametulia, pengine ameinamisha kichwa mwenyewe ili afungwe vizuri.

Akaniuliza nimeyajuaje hayo. Sikumjibu siku ile. Alikuwa hajaolewa kwetu yalipotokea, na mambo mengine ukimsimulia mkwe unaona haya katikati. Kuandika ni rahisi zaidi, karatasi haikutazami usoni.

Macho yangu yalianza kama ya mtu aliyekaa karibu na kuni mbichi. Nikawa nayafikicha nikidhani ni moshi. Baadaye ule moshi ukawa ukungu, ule wa asubuhi unaokaa bondeni huku kwetu milimani, wala hauondoki jua likitoka. Watu walinisalimu njiani, shikamoo, nami nikajibu marahaba nisijue namjibu nani. Nilijifunza kuuliza, "Hamjambo huko nyumbani?" bila kutaja nyumba ya nani. Hapo nilikuwa sijamwambia mtu. Niliogopa kwamba nikisema, itakuwa kweli.

Lililonitia hofu ya kweli ni njia ya shambani. Kamba nilikuwa naiona nyoka, nasimama, kisha naigusa kwa fimbo, ni kamba. Ikafika siku nikaona kamba, nikainama niiokote nifungie mzigo wangu wa kuni, na kamba ikaondoka. Sikuumwa. Lakini nilikaa chini pale pale kwenye majani, na kusimama kulinishinda kwa muda, maana sikujua nikikanyaga hapa kuna nini na nikikanyaga pale kuna nini. Dunia nzima ilikuwa imejaa vitu vilivyojifanya vitu vingine. Nilirudi nyumbani nikipapasa njia kwa fimbo kama mtu anayevuka mto.

Aliyenigundua ni dada yangu. Ni mkubwa kwangu, mumewe alikwishafariki, na nyumba yake iko ng'ambo ya njia, mbele ya mikorosho yake mwenyewe. Mama yetu alikufa nikiwa bado sijajua kufunga kamba ya suruali, na huyu dada ndiye aliyenifungia. Kwa hiyo mpaka uzee huu akiniambia kaa, nakaa. Alikuja akaniuliza bila salamu kama ninaona vidole vyake. Nikasema naviona. Akauliza vingapi. Nikamwambia asinitanie, mimi si mtani wake.

Mtani niliyekuwa naye alinitosha. Lazima niseme habari za utani, maana asiyekuwa wa huku anaweza kudhani ni mzaha wa kuchagua. Kabila lake na kabila langu ni watani tangu mababu. Anaweza kuingia kwangu akachukua kuku, akanicheka msibani, akaniita maiti nikiwa hai, na mimi sina pa kushtaki. Kwao ni upande wa Kiranjeranje, akaoa kwetu Mitole, akabaki kunisumbua. Iliposikika kwamba madaktari wa macho watapita kwenye zahanati yetu, wapime watu, kisha wawachukue wanaofaa kwenda hospitali ya pwani kupasuliwa, alikuja mbio kuniliwaza.

"Jicho wanalitoa, mtani," akaniambia. "Wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha kwa sabuni ya unga. Likiwa limeoza wanakupa la mbuzi. Utajua ni la mbuzi siku utakapopita shamba la kunde la mtu ukasikia mate yanakutoka."

Nilicheka. Mtani lazima umcheke. Lakini maneno ya mtani hayana mizani, huwezi kujua ameweka uongo kiasi gani, na akishaondoka yanabaki yanaota. Halafu si yeye peke yake. Kijiji kizima kilisema jicho linatolewa. Walibishana tu juu ya sahani au bakuli. Wengine walisema kuna mzee wa bonde la chini alirudishiwa jicho kinyume, akawa anaona ndani ya kichwa chake mwenyewe. Jambo hilo lilinikosesha raha kuliko yote. Nilijiuliza mtu ataona nini humo ndani. Nikaapa siendi.

Dada hakubishana na mimi. Alisema tu kwamba na yeye macho yake yanamsumbua, anaona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi, na hawezi kwenda peke yake kwa watu wenye visu. Basi nimsindikize. Na kumsindikiza dada si jambo la kujadili.

Zahanatini akaingia yeye kwanza. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko wengine waliotangulia. Alipotoka nilimsikia akijifuta uso kwa khanga, nikadhani ni dawa za kudondoshea. Nikaingia mimi. Daktari akanimulika, akasema nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limeiva. Limeiva. Kwetu kitu kilichoiva kinachumwa.

Nikatoka nikamuuliza dada wamemwambia nini.

"Na mimi hivyo hivyo," akasema. "Tutakwenda wote."

Hapo ndipo nilipoinamisha kichwa. Ningewezaje kusema siendi, na yeye mwanamke, mkubwa wangu, amesema anakwenda? Niliogopa hospitali, lakini niliogopa zaidi kumwacha apande gari peke yake halafu nikae kibarazani nisikilize habari zake kwa watu.

Tulishuka pwani na wengine wa vijiji vya jirani. Joto la kule linakuja na chumvi, na mimi nililisikia kama mtu ananihemea usoni. Walituketisha kwenye benchi refu. Muuguzi akapita akibandika kila mmoja kipande cha plasta juu ya jicho litakalopasuliwa, ili daktari asikosee upande. Nilipobandikwa mimi nilihisi kama mbuzi wa sadaka aliyetiwa alama. Nikamuuliza dada kama na yeye amebandikwa.

"Hii hapa. Gusa."

Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye paji lake la uso. Plasta ilikuwepo, nikaipapasa pembe zake zote. Moyo ukatulia kidogo. Sikuwa peke yangu kwenye benchi la machinjio.

Kwetu mtu akienda kupasuliwa, au akienda Hija, au safari yoyote asiyoijua mwisho, huhalalishana na watu wake. Unasema, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nihalalishe, na mwenzio anasema nimekuhalalisha, nawe nihalalishe. Hapo hata mauti yakija yanakukuta huna deni na mtu. Nikamwambia dada tuhalalishane kabla sijaitwa. Nikamsikia akijifunga upya mtandio. Nikarudia. Akasema tusubiri, tutahalalishana yeye naye akishatoka, mambo yawe mamoja. Nikaona ajabu, maana yeye ndiye aliyenifundisha desturi hiyo. Lakini nikaitwa, na hofu ikafuta mengine yote.

"Tangulia," akaniambia. "Nikisikia umetoka mzima, na mimi nitaingia."

Mle ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Wakanilaza chali. Wakanichoma sindano pembeni ya jicho, na hiyo sitaki kuisimulia. Kisha wakanifunika kitambaa uso mzima, chenye tundu moja tu kwenye lile jicho lililokufa ganzi. Nikabaki chini ya kitambaa napumua pumzi yangu mwenyewe. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia, nikasema moyoni, hiyo ndiyo sahani. Nikaanza kusoma sura ndogo ndogo ninazozijua, zikanichanganyikia, mwanzo wa hii mwisho wa ile. Nikamwomba daktari kwa adabu anijulishe wakati jicho litakapokuwa nje, nijiandae.

"Mzee, jicho halitoki," akasema. "Lipo hapo hapo kwako. Tulia."

Nikafikiri, si ndivyo wangesema hata kama limetoka?

Walinifunga bandeji nzito, wakanipeleka kitandani. Sasa kulia ni giza la pamba, na kushoto ni ukungu wangu wa siku zote. Dada alikuwepo. Nilimsikia akipapasa ukingo wa kitanda, akakaa. Nikamuuliza ataingia saa ngapi. Akasema wagonjwa ni wengi, yeye amewekwa kesho. Akanilisha uji. Kijiko cha kwanza kiligonga shavu, cha pili kikanimwagikia kifuani, nikapiga kelele, maana ulikuwa wa moto. Akanifuta, akasema samahani, mkono unatetemeka. Nikamhurumia. Nilidhani anatetemeka kwa sababu ya kesho yake. Nikaanza kumpa moyo mimi, nikimwambia hakuna sahani, hakuna sabuni, kitambaa tu na baridi, asiogope. Alinishukuru. Nikikumbuka alivyonishukuru, mpaka leo najisikia vibaya.

Waliobaki wodini walizungumza na kucheka, mimi sikuweza. Mtu aliyefungwa macho husikia mno. Kila hatua niliiona ni ya mtu anayekuja kusema imeshindikana. Nilitaka kuingiza kidole chini ya bandeji nihakikishe kama kuna kitu humo au pako tupu, na sikuthubutu. Bora usijue, nilijiambia, kwa muda mfupi uliobaki bora usijue.

Bandeji ilifunguliwa asubuhi, pale pale kitandani. Muuguzi aliichambua tabaka kwa tabaka, akafuta kope kwa maji ya uvuguvugu, akaniambia nifumbue. Sikufumbua. Akaniambia tena. Nilikuwa nafikiria yule mzee aliyeona ndani ya kichwa chake.

Nilipofumbua niliona shuka. Lilikuwa na michirizi ya buluu, na michirizi ilikuwa na mwanzo na mwisho. Nikaona mkono wangu, nikaugeuza, ulikuwa mkono wa mtu mzee kuliko nilivyomwacha. Muuguzi akanionyesha vidole, nikavihesabu bila kukosea, na watu wodini wakapiga makofi. Machozi yalinitoka, akanikataza kulia, kulia ni vibaya kwa jicho.

Nikamtafuta dada. Alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na miguu yangu, amekonda, nywele nyeupe kwenye ukingo wa mtandio, anatabasamu. Lakini alikuwa anatabasamu upande wa dirisha. Nikamwita. Akageuka haraka, na tabasamu likatua juu ya bega langu, halikunifikia usoni. Muuguzi akamletea kikombe cha chai, akakiweka kwenye meza ndogo mbele yake. Mkono wa dada ukaenda mezani, ukapita pembeni ya kikombe, ukarudi, ukaanza kupapasa taratibu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyedondosha sindano mkekani. Plasta bado ilikuwa juu ya jicho lake. Ya wenzake waliosubiri zamu ilikuwa na alama ya kalamu ya daktari. Yake ilikuwa nyeupe tupu, imeanza kuchafuka pembeni.

Furaha yangu ilikatika kama uzi. Nilimwita daktari, nikamuuliza mbona dada yangu hajaingizwa. Daktari akamtazama dada, akanitazama mimi, akaona kwamba hatukuwa na habari moja. Akaeleza kwa upole. Ya kwangu ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anaondolewa. Ya dada ni presha ya macho. Imeua mshipa wa ndani, na kilichokwisha kufa hakirudi kwa kisu wala kwa miwani. Jicho moja limekwisha, la pili limebaki na upenyo mdogo, na atatia matone kila siku ya maisha yake ili upenyo huo usizibe. Haya yote alikwishaambiwa kule zahanatini.

Kwa hiyo alikuwa anajua. Alijua tangu alipotoka mlangoni akijifuta na khanga. Plasta aliiomba kwa muuguzi akidai amejikwaruza.

Daktari alipoondoka nilikuwa na hasira, nakiri. Hasira na hofu vilikuja pamoja nisijue kipi ni kipi. Nikamuuliza kwa nini amenifanyia hivyo.

"Ningekwambia, ungepanda gari?"

Nikasema nisingepanda.

"Basi," akasema. "Na ndiyo maana sikutaka kukuhalalisha. Huombi halali na uongo umeushika mkononi."

Haya ndiyo niliyokuja kumweleza mkwe wangu baadaye, kwa ufupi, nikimtazama pembeni. Nikamuuliza kama neno lake la hudwinki linamfaa dada yangu. Alifikiri sana, ni mwalimu mzuri. Akasema maana yake inafaa kabisa, nilifunikwa nikafanya nisichokitaka, lakini matumizi yake hayafai, kwa sababu Waingereza wanalitumia kwa mtu mbaya, mwenye kula cha mwenzake. Ukimwambia Mwingereza hivyo atauliza dada yako alipata nini. Nikamwambia hakupata kitu. Akasema basi hapo hakuna neno, andika kudanganya. Na mimi naona kudanganya ni gunia kubwa mno kwa jambo hili, litapwaya.

Lakini sikumaliza. Tuliporudi kijijini ilikuwa mikorosho inatoa maua. Mtani alinipokea njiani kwa mlio wa mbuzi, nikamwacha alie. Dada hakutaka kupumzika, alitaka tupite shambani kwake kwanza. Alishika ncha ya fimbo yangu, nami nikatangulia, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa ilikuwa mimi ninayemwongoza. Nilikuwa naiona kila kamba ya njiani kuwa ni kamba, na nilikuwa naogopa kuliko nilipokuwa sioni. Nilikuwa namwogopea yeye. Kila kisiki niliona mguu wake ukikifuata.

Tulifika kwenye mikorosho yake. Ndiyo chakula chake cha mwaka. Akasimama, akavuta hewa, akasema harufu ya maua ni nzuri, mwaka huu naona yamebeba. Akaniuliza yakoje.

Nikatazama. Maua yalikuwa yamepakwa unga mweupe, matawi ya chini yote, na yaliyotangulia yalikwisha kuwa meusi, yanadondoka ukiyagusa. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho unaopulizwa salfa. Ulikuwa umeingia muda mrefu, na yeye alikuwa akipita chini yake kila asubuhi akinusa na kuridhika. Alikuwa ameinua uso, anasubiri, ameushika mti kwa kiganja.

Nilijua jinsi ya kusema mazuri. Ulimi ulikuwa tayari. Ningesema yamebeba, angelala vizuri siku hiyo na siku nyingi baada yake, na mimi ndiye peke yangu ningejua. Niliogopa uso wake utakavyokuwa, maana sasa ningeuona.

"Yameungua, dada," nikasema. "Ya chini yote. Ya juu bado bado."

Kiganja chake kilishuka taratibu kwenye gome mpaka kikaachia. Niliuona uso ukibadilika, sikuondoa macho. Kisha akapapasa hewani akaipata fimbo yangu, akaishika.

"Ya juu umesema bado?"

"Bado."

"Basi katafute salfa," akasema. "Upulize wewe, mimi nitakushikia ngazi."